Ubao wa Keko wa shilingi 26,000: ripoti ya miezi tisa

Nianze na bei, maana najua wengi mtairuka hadithi mkaitafute: shilingi 26,000, rangi ikiwamo. Upana futi tatu, kimo futi mbili, plaiwudi ndani ya fremu ya mbao za mabaki, rangi nyeusi ya ubao imepigwa mara mbili (kwa nini mara mbili, nitaeleza). Niliutengenezesha Keko, hapa Dar es Salaam, kwa fundi seremala ambaye simtaji jina, na mkifika katikati mtaelewa sababu. Umekaa miezi tisa nyumbani kwangu Mbagala. Mtumiaji mkuu ni binti yangu, Darasa la Pili.

Mimi ni mlinzi wa usiku kwenye ghala moja Chang'ombe. Naingia saa 12 jioni, natoka saa 12 asubuhi. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni kukaa macho, iliyobaki ni kuandika kwenye kitabu cha matukio: saa 4:10 lori limeingia, saa 8:40 paka amepita ukutani, hali shwari. Kwa hiyo mkiona ripoti hii imejaa saa na vipimo, mnivumilie, ndivyo mkono ulivyozoea.

Shuleni kwa binti yangu watoto ni wengi kuliko vyumba, wanaingia kwa zamu: wiki moja asubuhi, wiki inayofuata mchana. Wiki ya asubuhi tunapata kama saa mbili pamoja, kati ya yeye kurudi na mimi kuondoka. Wiki ya mchana tunapishana. Narudi bado amelala, naoga, nakunywa chai, nalala kabla hajaamka. Nyumba nzima inanong'ona kwa ajili yangu. Nikiamka yuko shuleni, akirudi niko lindoni. Unaweza kukaa nyumba moja na mtoto siku tano ukamjua kwa viatu tu, vimehama kutoka upande huu wa mlango kwenda upande ule.

Mwezi wa pili mwalimu wake alimtuma: baba aje. Nikaenda moja kwa moja kutoka lindo, na sare yangu. Mwalimu yule ana watoto zaidi ya mia moja chumba kimoja, sina neno naye, hata kumkumbuka binti yangu kwa jina nilishukuru. Akaniambia kwa upole, "Baba, mwanao hasomi." Nikabisha. Nikamwambia nyumbani anasoma kitabu mwanzo mpaka mwisho, mama yake shahidi. Akacheka kidogo, akasema, "Jaribu kuziba picha."

Jumapili nilikuwa na mapumziko. Nikamwita, akafungua kitabu, akasoma ukurasa wa kuku kwa sauti ya mtangazaji. Nikaweka kiganja juu ya picha, akasimama. Nikahamisha kiganja nikaziba maandishi yote, nikabakiza kuku peke yake. Akaendelea kusoma.

Alikuwa ameukariri ukurasa, na kuku ndiye aliyekuwa akimkumbusha pa kuanzia. Wakati huo alikuwa akienda tuisheni ya shilingi 500 kwa siku hapo mtaani. Kule wanaimba kwa pamoja, majibu yanaandikwa, watoto wananakili, daftari linarudi limejaa vema za wino mwekundu. Kila nikilifungua nilikuwa naridhika. Mimi, ambaye nalipwa ili nisiridhike na mlango uliofungwa mpaka niusukume.

Kabla ya ubao nilinunua bango la ukutani la herufi, Kariakoo, Mtaa wa Kongo, kwa machinga, shilingi 2,000. Hilo alama yake ni sifuri, na naomba nieleze kwa kirefu kidogo kwa sababu nimeliona kwenye nyumba nyingi. Lina rangi nzuri, limepigwa nailoni, halichaniki. Ila aliyelitengeneza alichukua bango la Kiingereza akabadili maneno tu, picha akaziacha palepale. Kwa hiyo A ina tunda na chini yake pameandikwa "tofaa". B ina mpira, imeandikwa "mpira". C ina paka, "paka". D ina mbwa. Binti yangu kwa siku nne alikuwa akionyesha C anasema "paka!" na bibi yake anapiga makofi. Q ni malkia. X sikumbuki hata walitafuta nini, nadhani kifua kilichopigwa eksirei.

Sasa Kiswahili hakina haja na Q wala X, na C peke yake haifanyi kazi yoyote, inasubiri H ije ndipo iseme "cha". Na vitu ambavyo mtoto anakutana navyo kila siku, sh, ny, dh, gh, mb, nd, na hiyo ng' ya ng'ombe na ya Chang'ombe ninakolinda, bango halina hata kimoja. Nimelibandika kwa ndani ya mlango wa choo. Linazuia upepo.

Ndipo nikakumbuka ubao. Nimesoma kijijini, Muheza, Tanga, miaka ambayo ubao ukipauka tulikuwa tunaletewa betri za redio zilizokwisha, tunaponda ile nyeusi ya ndani pamoja na majani ya matembele, tunasugua ubao mpaka unakuwa mweusi kama sufuria ya ugali. Mikono ilikaa myeusi siku mbili. Msifanye hivyo nyumbani, ile kitu ya ndani ya betri siyo ya kuchezewa na mtoto, na siku hizi rangi ya ubao inauzwa kwenye makopo.

Keko nilikwenda kwa sababu iko karibu na kazini, na kwa sababu kila mtu akitaka kitanda anakwenda Keko. Fundi nilimkuta chini ya kibao kilichoandikwa kwa rangi nyekundu TUNAUZA THAMANI ZA NDANI. Nilitaka kumwambia, nikanyamaza, maana sijaja kusahihisha kibao, nimekuja kuagiza ubao. Alinipokea vizuri. Akanipima kwa maneno: unataka wa kutundika au wa kuegemeza? Swali zuri. Mwenye nyumba wangu hataki misumari ukutani, kwa hiyo wa kuegemeza, tena uweze kuingia nyuma ya mlango mchana. Akasema futi tatu kwa mbili zinatosha, mtoto wa miaka minane hafiki juu zaidi ya hapo akiwa amekaa kwenye mkeka. Hapo alikuwa sahihi. Akasema siku tatu.

Siku ya tatu: "Kamanda, njoo Alhamisi." Alhamisi: kuna kabati la harusi limeingilia. Jumatatu ubao upo lakini haujapigwa msasa. Siku ya tisa nikaupata, mweusi, unang'aa mpaka unajiona uso. Nikaubeba kwenye daladala kwa furaha, konda akanitoza kama abiria wawili. Nyumbani chaki ikateleza kama inaandika kwenye kioo.

Hili ndilo jambo la kwanza la kuangalia mkienda kununua: ubao haung'ai. Fundi alikuwa amepiga rangi ya mafuta nyeusi, ile ya mageti, iliyobaki dukani kwake. Rangi ya ubao ni kavu na ina ukwaruzo kidogo, ukipitisha kidole unausikia, ndio unaokamata chaki. Nikaurudisha. Kwa haki yake, hakubisha. Aliichuna ile ya kwanza kwa msasa mkubwa, nikanunua mwenyewe kopo dogo la rangi ya ubao duka la vifaa vya ujenzi, na hiyo nimeihesabu kwenye ile 26,000. Akapiga mara moja, ikakauka, akapiga tena. Siku kumi na moja badala ya tatu.

Jambo la pili, ambalo fundi hakuniambia, nililijua tangu shule. Ubao mpya usiuandike siku hiyo hiyo. Chukua kipande cha chaki ukilaze ubavu, paka ubao wote mpaka uwe mweupe, kisha futa kwa kitambaa kikavu. Unga wa chaki unajaza vitundu vya rangi. Usipofanya hivyo, neno la kwanza utakaloandika litabaki limejichora humo na hutalitoa. Jirani yangu aliyeniiga akanunua wa kwake hakunisikiliza. Ubao wake mpaka leo ukiuangalia kwa pembeni unasoma "Karibu".

Kazi sasa. Mwalimu alinieleza kwamba siku hizi kwenye KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) hawaanzi na majina ya herufi, wanaanza na sauti. M siyo "em", ni mdomo uliofungwa, "mmm". Kwangu ilikuwa kujifunza upya, maana mimi nimekua na wimbo wa a be che de. Tukaanza na irabu tano, tukaongeza m, tukaongeza k. Kwa sauti hizo saba peke yake mtoto anaandika mama, mimi, mume, kaka, kuku, kima, mkeka, mkuki, na umeme. Umeme aliupenda kwa sababu siku ile ulikuwa umekatika.

Kwenye ubao nilikuwa naandika maneno yale yale ya kitabu cha kuku, lakini nimeyapindua: la mwisho mwanzo, la katikati mwisho. Hakuna picha. Alilia siku ya kwanza. Siku ya pili hakulia ila alinuna. Wiki ya tatu alikuwa anasema "ku", anasubiri, "ku", halafu macho yanafunguka: "kuku!" Huyo kuku alikuwa akimtaja kila siku, siku hiyo ndiyo alimsoma.

Na kufutika, hilo nalo ni la kuzungumzia. Kwenye daftari kosa lake linakaa, limepigwa mkasi wa wino mwekundu, kesho analiona, keshokutwa analiona. Kwenye ubao anakosea, anapitisha kiganja, kosa halipo tena. Nimemwona akiandika neno "ng'oa" mara saba, mara zote akisahau ule mkia wa juu, akifuta mwenyewe bila mimi kusema lolote, kwa sababu nilikuwa nimemwambia bila mkia linakuwa "ngoa", na ngoa ni wivu. Alitaka kung'oa jino, hakutaka wivu.

Lakini kilichonifanya niandike ripoti hii ni wiki za mchana.

Wiki ya kwanza ya kupishana nilikuwa na hofu kwamba tutarudi nyuma. Kabla ya kutoka nikauegemeza ubao mahali atakapouona akiingia, nikaandika: "Kuku wa jirani ana mayai mangapi?" Niliporudi asubuhi pameandikwa: 6. Sawa, amesoma, lakini kanijibu kwa tarakimu, mjanja. Jioni nikabadili: "Nani alikula ndizi yangu?" Asubuhi nikakuta, kwa herufi kubwa zinazopanda mlima: "paka".

Uongo, lakini tahajia sahihi. Na lilikuwa neno la kwanza nililomwona ameliandika bila kulinakili popote. Mama yake anasema alikaa mbele ya ubao nusu saa akiutunga.

Tukaendelea hivyo. Kitabu cha matukio ni mali ya ofisi, hakitoki getini, kwa hiyo nikawa narudi namwandikia tukio moja la usiku kabla sijalala. "Saa 8:40 usiku paka alipita ukutani." Nikiamka nakuta: "wa ragi gani". Nikaongeza n yake hapo katikati, nikamjibu sikuona, kulikuwa na giza. Kesho yake: "agalia". Basi mtu mzima nikaanza kumsubiri paka na tochi. Ni wa kijivu, ana doa jeupe shingoni, na sikio moja limekatika. Maelezo hayo yalichukua ubao mzima na aliyasoma yote, neno "sikio" akamuuliza bibi yake, bibi hajui kusoma, akamwambia "nitajie sauti moja moja nikusaidie", wakalipata wawili.

Siku moja akaniandikia: "baba ninaomba karamu mpya". Ingekuwa daftarini ningepiga mkasi. Nikaandika chini yake: "Karamu ni sherehe, kuna wali na nyama. Kalamu ni ya kuandikia. Unataka ipi?" Jibu: "zote".

Na mwezi wa sita, wiki ya mchana, nimerudi nimelowa, mvua imenikuta kituoni, nikakuta ubao umefutwa wote, safi, katikati pameandikwa "sikamo baba". Nikachukua chaki nikaandika "Marahaba, binti yangu", na pembeni kwa herufi ndogo, "shikamoo ina h, na o mbili". Sikulala mapema siku hiyo. Alipoamka akapita kwa kunyata kama alivyofundishwa, nikamsikia anasugua, halafu chaki inagonga: o, o.

Hesabu nitazipita haraka. Upande wa nyuma wa ubao niliupaka mwenyewe rangi iliyobaki, nikachora mstari katikati, kushoto MAKUMI kulia MAMOJA. Alikuwa akiandika 42 toa 17 ni 35, kwa sababu anaona saba ni kubwa kuliko mbili basi anatoa mbili kwenye saba. Vijiti vya meno vimefungwa kumikumi kwa mpira vilimaliza ubishi: fungua fungu moja, sasa una mamoja kumi na mawili, toa saba. Siku tatu. Hapo ubao ulikuwa wa kuandikia tu, sifa ni za vijiti.

Kasoro. Vumbi la chaki ni la kwanza, na mke wangu angeandika yeye ripoti hii angeanza nalo. Linakaa kwenye vyombo, kwenye chandarua, kwenye maandazi. Dawa yake ni kufuta kwa kitambaa kibichi na kuacha ubao ukauke wenyewe kabla ya kuandika, na kuuweka mbali na jiko. Boksi la chaki mia moja linakaa miezi miwili ukiwa na mtoto mmoja anayeandika na mdogo wake wa miaka mitatu anayetafuna. Wa kutafuna hakudhurika, lakini boksi sasa liko juu ya kabati.

Plaiwudi nayo haipendi ukuta wenye unyevu. Masika iliupinda ubao kidogo upande ulioegemea, na kona moja ya fremu ikaachia, maana fundi alitumia misumari bila gundi. Mkiagiza, semeni gundi na misumari, msimame hapo mkiangalia.

Tena msitegemee ubao umrekebishe mtoto mwandiko. Wa kwangu ubaoni anaandika herufi za kimo cha kiganja, akirudi kwenye daftari mistari haimtoshi. Hilo tulilifanya na penseli, daftari la mistari na subira, na bado.

Watu wameniuliza kwa nini sikununua ule mweupe wa kalamu za wino. Nilijaribu mdogo, wa duka la vifaa vya shule. Ni msafi, hauna vumbi, mke wangu aliupenda. Lakini watoto hawafungi vifuniko, kalamu inakauka ndani ya siku mbili na bei yake inanunua chaki za mwezi. Baya zaidi, ujumbe ukilala usiku mzima kwenye joto la Dar, asubuhi wino umeshika, unafuta unabaki kivuli. Kwa ubao wa darasani hilo si tatizo, mwalimu anafuta baada ya kipindi. Kwa mimi ninayeacha ujumbe usiku kucha, haufai.

Na vishikwambi je? Sina ugomvi navyo. Sisi watu wa Tanga tunajua habari zake kuliko wengi: mashindano ya Global Learning XPRIZE, ya kutengeneza programu za kumfundisha mtoto kusoma, yalifanyia majaribio yake mkoani kwetu, watoto wa vijiji karibu 170 wakapewa vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili, na 2019 washindi wakatangazwa wawili, onebillion na Kitkit School. Watoto wengi kati ya hao walikuwa hawajawahi kwenda shule, na walijifunza. Kwa hiyo anayesema kioo hakifundishi, asiseme mbele yangu. Ila vile vilikuja na masomo yaliyopangwa kwa ajili ya mtoto asiye na mwalimu. Simu ya mke wangu ilikuja na michezo ya kukata matunda. Bando langu nalitumia kwa kitu kimoja: vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania viko bure kwenye maktaba mtandao yao, nakiangalia kitabu cha Darasa la Pili nikiwa lindoni saa saba usiku, nachagua maneno ya kesho, nayaandika kwenye kiganja.

Kumpima nilitumia ngazi walizokuwa nazo vijana wa Uwezo, ule utafiti wa kupima kama watoto wanajua kusoma, walipokuwa wakipita majumbani: silabi, maneno, aya, hadithi. Huhitaji karatasi yao. Andika silabi sita, maneno sita, aya ya mistari minne, hadithi fupi, uone anakwama wapi, na usimsaidie siku hiyo. Mwezi wa tatu binti yangu alikwama kwenye silabi, tena zile za irabu peke yake alizipata kwa bahati. Mwezi wa saba maneno. Mwezi wa kumi na moja alisoma aya bila kusimama, na kwenye hadithi alikwama mara mbili, "ghafla" na "mwanzi". Tuisheni nilimwachisha. Mke wangu mpaka leo hajakubali, anasema ilikuwa inamweka mbali na barabara, na kwa hilo hajakosea. Sasa akitoka shule anakaa kwa bibi yake, na bibi amejua kusoma "kuku".

Je, ninaupendekeza? Kwa mwenye mtoto wa Darasa la Kwanza au la Pili, ndiyo, hata kesho. Kwa mwenye mtoto wa pumu, hapana, vumbi halitaki mjadala. Kwa anayetaka kununua auegemeze ukutani halafu asubiri mtoto ajue kusoma, abaki na bango la Mtaa wa Kongo, ni elfu mbili tu na haliingii maji. Ubao wenyewe nyota nne. Huduma ya fundi nyota mbili, moja ya ushauri wa kipimo, moja ya kukubali kosa la rangi.

Jumamosi iliyopita niliurudisha Keko ile kona ikatengenezwe, na binti nikaenda naye kwa kuwa shule zimefungwa. Akamwamkia fundi vizuri. Tulipokuwa tunaongea bei nikamwona amesimama chini ya kile kibao chekundu, midomo inacheza. Akaniita pembeni. "Baba, hapa pameandikwa thamani." Nikamwambia mwambie mwenye kibao. Akaenda akamwambia, kwa adabu, kwamba fundi, thamani ni bei ya kitu, vitanda ni samani. Fundi akatazama juu, akajikuna, akasema, "Sasa mjukuu wangu, si ni zile zile?" Mafundi wenzake walicheka mpaka randa zikasimama.

Halafu akatuahidi ubao Jumatano. Binti akatoa chaki mfukoni, akaandika kwenye ubao wenyewe, hapo hapo juu ya meza ya fundi, ili asisahau: "Jumatano". Herufi kubwa mwanzoni, kama inavyotakiwa.

Leo ni Ijumaa. Ubao bado uko Keko.